Istilahi kama Msingi wa Uamuzi: Uteuzi na Uendeshaji wa Turbochaja katika Injini ya Rota ya Ndege

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uwezo wa istilahi za Kiswahili kubeba maarifa ya kihandisi ambayo kosa lake hugharimu uhai. Uwanja uliochaguliwa ni uteuzi na uendeshaji wa turbochaja katika injini ya rota ya ndege ndogo. Inaoneshwa kwamba maneno sita ya kawaida, yaani mzunguko, ujazo, presha, mtiririko, kufunga na mafuta, hubeba dhana zaidi ya moja, na kwamba kila dhana huelekeza kwenye uamuzi tofauti wa fundi au rubani. Hoja kuu ni kwamba istilahi ipimwe kwa uamuzi inaouwezesha, badala ya kupimwa kwa kulingana kwake na neno la lugha ya kigeni peke yake.

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili una historia ya kujivunia. Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na kwa juhudi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maelfu ya maneno ya taaluma yamependekezwa na kusanifiwa. Kuchapishwa kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 kulidhihirisha kwamba lugha hii inaweza kueleza sayansi za msingi bila kusitasita.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa kwa njia ya orodha. Neno la kigeni huandikwa upande mmoja, la Kiswahili likawekwa upande wa pili, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Orodha ina manufaa yake, kwani humpa mwalimu na mfasiri mahali pa kuanzia. Upungufu wake ni kwamba haiulizi msomaji atafanya nini na neno hilo atakapokuwa peke yake mbele ya mtambo.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia uwanja mmoja mwembamba, nao ni kuchagua na kuendesha turbochaja katika injini ya rota ya ndege. Uwanja huu umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, unaunganisha mitambo miwili ambayo majina yake yameingia katika Kiswahili kwa njia ya mkopo. Pili, uteuzi wake hutegemea hesabu, na hesabu hudai kwamba kila neno lijulikane linapima nini. Tatu, kosa la uteuzi huweza kujitokeza angani, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuegesha chombo kando ya njia na kumwita fundi.

Shughuli yenyewe hufanywa zaidi nchini Marekani, ambako sheria za usafiri wa anga zinamruhusu raia kujijengea ndege ya majaribio na kuipachika injini iliyotokana na gari. Injini ya rota iliyotumiwa sana kwa kazi hiyo ni Mazda 13B ya Japani, nayo ndiyo itakayotolewa mifano hapa.

2.0 Mkabala

Nadharia ya kawaida ya istilahi inahusishwa na mhandisi Eugen Wüster wa Austria (1898–1977). Kwa mujibu wa mkabala wake, uchunguzi huanza na dhana, kisha hutafutwa neno la kuiwakilisha. Na lengo ni kwamba dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja iwe ya dhana moja. Mkabala huu umekosolewa na wataalamu wa baadaye, akiwamo Rita Temmerman katika kazi yake ya mwaka 2000, kwa hoja kwamba maana nyingi za neno moja ni jambo la kawaida hata katika lugha ya sayansi, na kwamba mara nyingi zina kazi yake.

Makala haya hayakubaliani kikamilifu na upande wowote. Uwingi wa maana hauna madhara pale ambapo muktadha unauondoa. Fundi aliyeinama juu ya injini akisema “nipe ile ya kumi na nne” huelewa na kueleweka, kwa kuwa spana iko mbele ya macho ya wote wawili. Lakini maandishi ya mwongozo husomwa mbali na aliyeyaandika, na saa ya kipimo husomwa na rubani ambaye hana wa kumuuliza. Katika mazingira hayo muktadha umeondoka, na neno hubaki peke yake. Kwa hiyo kigezo kinachotumika hapa ni hiki: pale ambapo dhana mbili zinazoitwa kwa neno moja zinadai vitendo viwili tofauti, istilahi mbili zinahitajika, pale ambapo zinadai kitendo kimoja, neno moja linatosha.

3.0 Injini na Majina Yake

3.1 Mzunguko

Istilahi injini ya mzunguko inajitokeza kwa wepesi, lakini katika usafiri wa anga ina hatari yake. Kuanzia miaka ya 1908 na 1909, ndugu Seguin wa Ufaransa walitengeneza injini za Gnome, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na rafadha huku shafti ikiwa imekazwa kwenye kiunzi cha ndege. Injini hizo zilitumika sana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nazo kihistoria ndizo zilizoitwa kwa jina hilo.

Injini ya Felix Wankel (1902–1988), iliyonguruma kwa mara ya kwanza mwaka 1957 katika kampuni ya NSU ya Ujerumani, ni mtambo mwingine kabisa. Ndani yake hamna pistoni. Rota yenye pembe tatu huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na vyumba vitatu vinavyofanyika kati ya rota na ukuta hupanuka na kusinyaa kwa zamu. Hewa huingia, hugandamizwa, huwaka na kutoka bila valvu, kwani rota yenyewe ndiyo inayofunika na kufunua matundu. Ili kuepusha mchanganyiko, inapendekezwa injini ya rota kwa mtambo wa Wankel na injini ya silinda zizungukazo kwa ule wa Gnome.

Hata baada ya jina la injini kutengemaa, neno mzunguko huendelea kuleta utata linapotumiwa kama kipimo. Tuchukue sentensi ifuatayo:

(1) Injini inakwenda mizunguko 6,000 kwa dakika.

Katika injini ya rota, shafti kuu huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota. Hivyo, shafti inapozunguka mara 6,000, rota huzunguka mara 2,000. Ikiwa gia ya kupunguza mwendo ina uwiano wa 2.5 kwa 1, rafadha huzunguka mara 2,400. Wakati huohuo shafti ya turbochaja huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000. Sentensi (1) basi ina majibu manne yanayowezekana, na mwongozo ulioandikwa kwa uangalifu hauna budi kutaja mwenye kuzunguka: mizunguko ya shafti kuu, ya rota, ya rafadha au ya turbochaja.

3.2 Ujazo

Uamuzi wa kwanza wa mteuzi wa turbochaja ni kiasi cha hewa ambacho injini itameza. Injini ya 13B ina rota mbili, na kila chumba kina ujazo wa sentimita za ujazo 654. Kwa kawaida husemwa kwamba injini hiyo ni ya lita 1.3. Kauli hiyo ni sahihi kwa maana moja tu, yaani jumla ya ujazo wa chumba kimoja kwa kila rota.

Tatizo hutokea pale mteuzi anapochukua tarakimu hiyo na kwenda nayo kwenye majedwali ya turbochaja, ambayo mengi yametungwa kwa ajili ya injini za pistoni za mipigo minne. Injini ya pistoni ya aina hiyo humeza ujazo wake wote katika mizunguko miwili ya shafti. Injini ya 13B humeza lita 1.308 katika kila mzunguko mmoja. Kwa upande wa hewa, basi, inalingana na injini ya pistoni ya lita 2.6.

Inapendekezwa kutenganisha ujazo wa vyumba (lita 1.3) na ujazo wa mvuto, yaani ujazo linganifu na wa injini ya mipigo minne (lita 2.6). Kwa mizunguko 6,000 ya shafti, na kama vyumba vinajaa kikamilifu, injini hiyo humeza takriban mita za ujazo 7.8 za hewa kwa dakika. Katika usawa wa bahari, ambapo mita moja ya ujazo ya hewa sanifu ina tungamo la kilo 1.225, hiyo ni sawa na kilo 9.6 kwa dakika. Anayetumia ujazo wa vyumba atapata kilo 4.8, na turbochaja atakayoichagua itakuwa ndogo kwa nusu hata kabla ndege haijaondoka ardhini.

4.0 Uteuzi wa Turbochaja

4.1 Presha

Turbochaja ni mtambo wenye magurudumu mawili kwenye shafti moja. Moshi wa injini huzungusha gurudumu la turbini, nalo huzungusha gurudumu la kompresa linalosukuma hewa ndani ya injini. Hati ya ubunifu wa aina hii ilisajiliwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Faida yake kwa ndege ilidhihirika mwaka 1918, wakati Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipoijaribu injini ya Liberty kwenye kilele cha mlima Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuifanya itoe nguvu ya kiwango cha usawa wa bahari.

Jaribio hilo linabainisha malengo mawili ambayo mteuzi hana budi kuyatenganisha. La kwanza ni kurudisha hewa iliyopotea kwa sababu ya kimo. La pili ni kuongeza hewa kupita ile ya usawa wa bahari. Kwa injini ya rota iliyotokana na gari, lengo la kwanza ndilo la kiasi, kwa kuwa injini haidaiwi kubeba mzigo uliozidi ule inaoubeba bila turbochaja, ingawa hudaiwa kuubeba kwa saa nyingi mfululizo. Malengo haya mawili yanaweza kuitwa turbochaja ya kufidia na turbochaja ya kuzidisha.

Hapa ndipo neno presha linapokuwa mtego. Katika maandishi ya fizikia kumezoeleka neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na ambalo muundo wake unafafanua dhana yenyewe. Hata hivyo, kubadilisha presha kuwa kanieneo hakutoshi, kwa kuwa zipo dhana tatu:

(2) (a) kanieneo kamili: kinachopimwa kuanzia ombwe;
(b) kanieneo ziada: kinachozidi kile cha hewa ya nje;
(c) uwiano wa kanieneo: kanieneo kamili cha hewa inayotoka kwenye kompresa kikigawanywa kwa kile cha hewa inayoingia.

Katika anga sanifu, kanieneo cha hewa kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013. Katika kimo cha mita 5,500 ni hektopaskali 505, yaani karibu nusu. Ndege yenye turbochaja ya kufidia ikiwa katika kimo hicho, kanieneo kamili ndani ya bomba la kuingizia hewa ni 1,013, kanieneo ziada ni 508, na uwiano ni 2.0. Saa ya gari, ambayo hupima kanieneo ziada, itaonesha kana kwamba injini inazidishiwa hewa kwa nguvu. Ukweli ni kwamba inapata kile tu ambacho ingekipata ikiwa imeegeshwa ufukweni.

Kinyume chake ni cha hatari zaidi. Kidhibiti cha kawaida cha gari hutumia springi, na springi hujibu kanieneo ziada. Springi iliyowekwa kwa hektopaskali 500 itatoa kanieneo kamili cha takriban 1,005 katika kimo cha mita 5,500, jambo ambalo ni sawa. Katika kimo cha mita 1,600, karibu na kimo cha viwanja vya ndege vya Nairobi, ambapo kanieneo sanifu cha hewa ni 835, springi hiyohiyo itatoa 1,335. Kwenye usawa wa bahari itatoa 1,513, yaani mara moja na nusu ya kile injini ilichokusudiwa. Rubani aliyeambiwa tu kwamba “presha isizidi 500” atatii agizo na kuivunja injini wakati wa kuruka.

4.2 Mtiririko

Watengenezaji wa turbochaja hutoa ramani ya kompresa. Mhimili wa wima huonesha uwiano wa kanieneo, na ule wa ulalo huonesha mtiririko wa hewa. Ndani ya ramani kuna maeneo yanayofanana na visiwa, ambayo huonesha ufanisi. Upande wa kushoto kuna mpaka ambao ukivukwa hewa hurudi nyuma kwa mishtuko. Upande wa kulia kuna mpaka ambao ukikaribiwa kompresa hukabwa, ufanisi hushuka na hewa huchemka bila faida.

Mtiririko unaooneshwa kwenye ramani si ule unaopimwa katika injini. Umesawazishwa ili ulingane na hewa sanifu ya usawa wa bahari au hali nyingine ya rejea. Hivyo panahitajika istilahi mbili, mtiririko halisi na mtiririko uliosawazishwa. Katika mfano wetu, mtiririko halisi ni kilo 9.6 kwa dakika popote ndege ilipo, iwapo turbochaja inafidia kikamilifu. Lakini katika mita 5,500 hewa inayoingia kwenye kompresa ni nyepesi, na gurudumu hulazimika kumeza ujazo mkubwa zaidi ili kupata tungamo lilelile. Mtiririko uliosawazishwa hufikia takriban kilo 18 kwa dakika.

Tofauti hii ndiyo kiini cha uteuzi. Mteuzi anayetumia ujazo wa vyumba na mtiririko halisi atatafuta kompresa ya kilo 4.8. Anayetumia ujazo wa mvuto na mtiririko uliosawazishwa atatafuta ya kilo 18, yaani karibu mara nne. Wote wawili wanaweza kuwa na ramani moja mkononi na kikokotozi kimoja mezani. Kinachowatenganisha ni maana waliyoipa maneno mawili.

Aidha, kompresa hupasha hewa joto. Kwa uwiano wa 2.0 na ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia ikiwa na jotoridi la nyuzi 21 chini ya sifuri itatoka ikiwa na nyuzi 58 hivi za sentigredi. Hewa ya moto ni nyepesi, na huichochea injini kulipuka vibaya. Kwa sababu hiyo huwekwa kifaa cha kuipoza kati ya kompresa na injini. Jina kipoza hewa linafaa, kwani linafuata kiolezo kilichokwisha kuzoeleka katika kipaza sauti, kinasa sauti na kifyonza vumbi.

4.3 Turbini

Injini ya rota hutoa moshi wenye jotoridi kubwa kuliko injini ya pistoni ya nguvu sawa. Chumba chake cha mwako ni kirefu na chembamba, mwako huchelewa kukamilika, na sehemu ya joto ambayo ingefanya kazi ndani ya injini hutoka na moshi. Jotoridi la moshi huo huweza kupita nyuzi 900 za sentigredi. Zaidi ya hayo, tundu la kutolea moshi katika injini nyingi za 13B hufunuka kwa ghafla kwenye ukuta wa nyumba ya rota, na moshi huligonga gurudumu la turbini kwa mapigo makali.

Hali hii ni neema na adha kwa pamoja. Ni neema kwa kuwa nishati ya kuzungusha turbini ni tele. Ni adha kwa kuwa turbini iliyobuniwa kwa injini ya dizeli, ambayo moshi wake una joto la chini zaidi, huweza kupasuka nyumba yake au kuchakaa gurudumu lake kabla ya wakati. Gurudumu la aloi ya nikeli inayostahimili joto na nyumba ya turbini yenye nafasi pana ndivyo vinavyofaa. Dereva wa gari hupenda nyumba finyu ili turbochaja iitikie haraka anapokanyaga mafuta. Ndege haihitaji wepesi huo, kwani injini yake hukaa kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Inachohitaji ni moshi kutoka bila kizuizi. Moshi unaobaki ndani hupasha joto hewa mpya na kukaribisha mlipuko.

5.0 Uendeshaji

5.1 Kufunga na kufungua

Kiasi cha moshi kinachopita kwenye turbini hudhibitiwa na mlango mdogo, ambao hapa unaitwa kilango cha moshi. Kilango kikiwa wazi, sehemu ya moshi huchepuka bila kuigusa turbini. Kikizibwa, moshi wote hulazimika kupita. Kadiri ndege inavyopanda, ndivyo kilango kinavyozidi kusogezwa kuelekea kuzibwa, hadi kufikia kimo ambacho kimezibwa kabisa. Juu ya hapo nguvu ya injini huanza kupungua. Kimo hicho kinaweza kuitwa kimo cha ukomo.

Katika lugha ya gereji, kitenzi kufunga kina maana ya kuziba na pia ya kupachika, na kufungua kina maana ya kuacha wazi na pia ya kuvunja mtambo vipandevipande. Tuangalie:

(3) Kabla ya kuruka, hakikisha kilango kimefungwa.

Msomaji mmoja atahakikisha kwamba kilango kipo mahali pake na boliti zake zimekazwa. Mwingine atakiziba, na kwa kufanya hivyo atapeleka moshi wote kwenye turbini wakati ndege iko kwenye usawa wa chini, mahali ambapo hatari ya kuzidisha hewa ni kubwa kuliko popote. Inapendekezwa kutumia jozi pachika na pachua kwa kuweka na kuondoa, na jozi ziba na zibua kwa hali ya kilango. Jozi zote mbili zinatumia kiambishi cha utenduzi -u- ambacho msemaji wa Kiswahili anakifahamu tayari, hivyo hazidai kujifunza jambo jipya.

5.2 Mafuta na oili

Utata mkubwa kuliko yote umo katika neno ambalo hakuna aliyelifikiria kuwa istilahi. Katika Kiswahili, mafuta ni kinachochomwa na pia ni kinacholainisha. Sentensi (4) inaweza kusemwa na rubani yeyote:

(4) Presha ya mafuta imeshuka.

Katika injini yenye turbochaja, vimiminiko vyote viwili vina vipimo vyake, na kila kimoja kina dharura yake. Petroli haina budi kusukumwa kwa kanieneo kinachozidi kile cha hewa ndani ya bomba la kuingizia. Kikishuka, mchanganyiko huwa mwepesi, jotoridi la moshi hubadilika ghafla na mlipuko hufuata. Tiba ya haraka ni kuwasha pampu ya akiba na kupunguza hewa. Oili nayo hulisha beringi za turbochaja, ambazo hutegemea utando mwembamba wa kimiminiko hicho kubeba shafti, na katika injini ya rota hupoza pia rota zenyewe. Ikishuka, pampu ya petroli haitasaidia kitu. Kinachotakiwa ni kupunguza nguvu na kutafuta mahali pa kutua, kwa sababu beringi iliyokatika au sili iliyopasuka huweza kumwaga oili yote ya injini kupitia bomba la moshi.

Mafundi wa gereji wamekwisha kulitatua suala hili. Wao husema oili kwa kilainishi na petroli au dizeli kwa kinachochomwa. Hapa mwanaisimu hana la kubuni. Kazi yake ni kulikubali neno lililopo na kuliingiza katika maandishi sanifu, hata kama asili yake ni ya kigeni. Hali kadhalika, neno mafuta ya ndege liepukwe katika mwongozo wa injini hizi, kwa kuwa mara nyingi humaanisha mafuta ya injini za jeti, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa.

5.3 Mwako na mlipuko

Sili za ncha, zilizo kwenye pembe tatu za rota, ndizo huzuia hewa isivuje kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ni nyembamba, nazo huweza kuvunjika mchanganyiko unapolipuka kwa mshindo mahali pa kuwaka kwa utaratibu. Kipande kilichovunjika hutoka na moshi na kuligonga gurudumu la turbini, hivyo kosa moja huangamiza mitambo miwili. Katika ndege, kelele ya rafadha huificha sauti ya mlipuko, na rubani hana onyo la sikio.

Kwa hiyo ni muhimu mwako utumike kwa uchomaji wa kawaida, mlipuko kwa uchomaji wa mshindo, na mwako wa mapema kwa ule unaotangulia cheche. Neno kugonga lisitumike kwa mlipuko, kwa kuwa mafundi hulitumia pia kwa sauti ya beringi zilizokwisha. Hatua za kujikinga ni kutumia mchanganyiko mzito wakati wa nguvu kubwa, kuchelewesha cheche kiasi, kupoza hewa, na kuheshimu kikomo cha kanieneo kamili. Kihisi cha oksijeni husaidia kupima mchanganyiko, ingawa petroli ya ndege ya aina ya 100LL ina risasi ambayo hukichakaza upesi.

Mwisho wa safari nao una utaratibu wake. Nguvu ipunguzwe polepole wakati wa kushuka, na baada ya kutua injini iachwe izunguke kwa mwendo mdogo kwa dakika chache. Injini ikizimwa ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi za turbochaja huungua na kuacha masizi magumu yanayoziba njia yake.

6.0 Mjadala

Mifano iliyotolewa inaonesha aina tatu za upungufu. Aina ya kwanza ni ya vipimo visivyotaja mwenye kupimwa, kama vile mzunguko na ujazo. Dawa yake ni kukamilisha kirai, wala hapahitajiki neno jipya. Aina ya pili ni ya dhana za kisayansi zilizobanwa katika neno moja, kama vile presha na mtiririko. Dawa yake ni istilahi mpya zenye muundo unaojieleza. Aina ya tatu ni ya maneno ya kila siku yenye maana nyingi, kama vile kufunga na mafuta; dawa yake hupatikana katika hazina ya lugha na katika vinywa vya mafundi.

Ni dhahiri kwamba aina ya kwanza na ya tatu haziwezi kugunduliwa kwa njia ya orodha. Hakuna mtunga orodha atakayeona haja ya kulijadili neno mafuta, kwa kuwa kila mtu analijua. Ni pale tu mtafiti anapofuata uamuzi mmoja baada ya mwingine, tangu hesabu ya hewa hadi kuzima injini, ndipo neno hilo linapojifunua kuwa na hatari kuliko istilahi ngumu za kigeni.

Inaweza kudaiwa kwamba uwanja huu ni wa watu wachache mno kustahili juhudi hizi. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa injini ya rota. Lakini kanieneo kamili na ziada, oili na mafuta, kupachika na kuziba, ni dhana zinazokutwa katika lori la dizeli, katika jenereta ya hospitali na katika pampu ya maji ya kijiji. Injini ya rota imezikusanya tu mahali pamoja na kuziongezea uzito.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uteuzi wa turbochaja kwa injini ya rota ya ndege ni mfululizo wa maamuzi, na kwamba kila uamuzi hutegemea utenganisho wa dhana unaobebwa na neno. Kosa la maana katika maneno mawili tu, ujazo na mtiririko, limeonekana kupunguza kompresa hadi karibu robo ya ile inayohitajika. Inapendekezwa kwamba vyombo vya usanifishaji, pamoja na wanafunzi wa uzamili wanaotafiti istilahi, waanze na kazi ifanywayo na mtumiaji, waandike maamuzi yake kwa mpangilio, kisha waulize katika kila hatua kama Kiswahili kinamwezesha kuchagua bila kubahatisha. Pale kinapomwezesha, neno liachwe kama lilivyo. Pale kisipomwezesha, hapo ndipo penye kazi ya mwanaisimu.